Mlima unavyoteremka hadi Arusha Chini

Asubuhi isiyo na wingu hapa Moshi, macho ya kila mtu huenda kwenye barafu ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima Kilimanjaro. Mimi kama mwanajiolojia huwaomba watu watazame kulia kidogo, kwenye kilele kingine, Mawenzi. Ina mita 5,149, fupi kuliko Kibo yenye 5,895, lakini ndiyo inayoeleza vizuri zaidi jinsi mlima unavyoliwa.

Mawenzi ilizimika kabla ya Kibo, kwa hiyo imekaa muda mrefu bila lava mpya ya kuifunika. Mchana maji huingia kwenye nyufa, usiku yanaganda. Yakigeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, na mwamba wenye nyufa hauwezi kuhimili msukumo huo mwaka nenda, mwaka rudi. Vipande vinang'oka. Kinachosalia ni mikanda ya mwamba mgumu, yaani magma (mwamba ulioyeyuka) iliyopenya ndani ya volkano ikapoa humo humo. Mwamba dhaifu ulioizunguka umeondoka, mikanda imebaki imesimama kama meno.

Kuvunjika huko ni kazi moja; kubebwa ni kazi nyingine. Wanafunzi wengi huzichanganya, nami silichoki somo hili.

Chini zaidi, Marangu au Kibosho, hakuna baridi ya kugandisha. Huko mwamba unaoza: maji ya mvua yenye asidi hafifu huyageuza madini yake kuwa mfinyanzi, na chuma kilichomo hushika kutu. Wekundu wa udongo wa vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga, umetoka hapo.

Wabebaji ni mito. Mteremko wa kusini hunyeshewa kuliko wa kaskazini; msituni mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana Umbwe, Weruweru na Karanga zimechimba makorongo marefu kwenda chini. Okota jiwe mtoni Karanga: halina ncha, limesuguana na wenzake njia nzima. Na anayefyeka miti ya ukingoni ili apate mistari miwili zaidi ya mahindi anaupa mto udongo wake mwenyewe. Hilo linaniuma.

Mto ukifika tambarare, mwendo hupungua na mzigo hutuliwa kwa uzito: mawe, kisha mchanga, kisha tope. Miwa ya Arusha Chini, huko tambarare kusini mwa Moshi, imestawi juu ya mzigo huo. Tope jepesi kabisa huendelea na mto Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, likazama humo. Kabla bwawa halijajengwa miaka ya 1960, lingeendelea na mto Pangani kuelekea Bahari ya Hindi.