Gesi ya AC haiishi kama petroli jamani

Wiki hii peke yake wateja watatu wamenipigia, "fundi mwaka umefika, njoo uniongezee gesi." Nani kawaambia hivi? AC siyo bodaboda, hainywi gesi. Hiyo R22, gesi iliyomo kwenye AC nyingi za zamani, inazunguka tu humo humo, mashine ya nje inaipoza inakuwa majimaji, ikija ndani inafyonza joto inageuka mvuke, inarudi kwenye kompresa, ile pampu inayoisukuma, na paipu zote zimefungwa, kwahiyo ikipungua kuna mahali inatoka, hakuna uchawi. Ukiongeza bila kutafuta tundu unanunua gesi ya kumwaga angani, na mafuta ya kompresa yanavuja nayo pole pole mpaka kompresa inakata moto alafu lawama kwa fundi.

Anza na macho. Penye uvujaji mara nyingi pana mafuta mafuta yameshika vumbi, hasa kwenye nati za fleya, zile zinazounga paipu, paka povu la sabuni hapo. Huku pwani mi naanzaga na koili ya nje maana chumvi ya bahari inaila kweli kweli. Ukikosa, vuta gesi iliyobaki uirudishe kwenye mtungi, jaza naitrojeni, soma geji ya presha, acha mpaka kesho uone kama imeshuka. Na usije ukatumia oksijeni ya kuchomelea! Ikikutana na yale mafuta inalipuka, watu wameshakufa kwa hilo.

"Mbona hatusikii harufu?" Gesi ya kupikia imewekewa harufu makusudi, R22 hapana. Nzito kuliko hewa, kwenye kachumba kasikopitisha hewa inajaa chini na kusukuma oksijeni, unazimia hujui kimekupata nini. Na ikipita kwenye moto inatoa moshi wa sumu, usichomelee paipu ina gesi.

"R22 si marufuku, nitupe AC?" Usitupe. Kinachobanwa ni gesi mpya kuingia, Mkataba wa Montreal wa 1987, ule wa kulinda tabaka la ozoni, unazitaka nchi zinazoendelea ziwe zimepunguza asilimia 35 mwaka 2020, 67.5 mwaka 2025, na kuanzia 2030 kibaki kidogo tu cha servisi. Ndo sababu nyingine ya kuziba tundu.

"Gesi ni gesi, weka yoyote." Haya, R410A, gesi ya AC nyingine, presha yake inazidi ya R22 kwa kama asilimia 60 na mafuta yake mengine kabisa. R290 ndo propani yenyewe, inawaka, na mashine ya R22 haikutengenezwa kwa gesi inayowaka. Mi nikimaliza naandika kwa makapeni kwenye mashine ya nje, gesi gani, gramu ngapi, tarehe, na wewe mdai fundi wako aandike.