Je, Wajua Kwa Nini Chavua ya Bamia Ina Miiba?

Ua la mbamia hufunguka asubuhi, manjano lenye kitovu cha damu ya mzee, na jioni limeshanyauka. Ukilisogelea mapema utaona katikati kijiti kilichojaa vumbi la chembe kubwa, hata jicho huzitambua moja moja. Hiyo ndiyo chavua. Kila chembe ina upana wa zaidi ya milimita 0.1.

Umbo lake, hata hivyo, linataka hadubini ya elektroni. Mawimbi ya mwanga ni marefu mno kuonesha vitu vilivyo chini ya milimita 0.0002 hivi, ilhali ya elektroni ni mafupi zaidi sana. Chembe hukaushwa, hupakwa utando mwembamba wa dhahabu, kisha mwale wa elektroni huipitia mstari kwa mstari mahali pasipo na hewa. Picha hutoka bila rangi. Rangi hutiwa baadaye.

Na hapo bamia inashangaza: duara lenye miiba pande zote kama shokishoki, na baina ya miiba, matundu ya kutolea mrija unaopeleka mbegu ya kiume.

Miiba hunasa kwenye manyoya ya wadudu, ndiyo, lakini kuna jibu linalonivutia zaidi. Nyuki huishindilia chavua kwenye vikapu vya miguu yake ya nyuma aende kulisha wanawe, na chavua iliyoshindiliwa humo imeshampotea mmea. Watafiti waliochunguza ukoo wa bamia waliona kwamba miiba huzuia chembe kushikamana vikapuni. Mdudu analishwa nekta, chavua inabaki ya ua.

Mahindi hutegemea upepo, basi chembe zake ni karibu laini, zenye tundu moja tu. Lakini tazama nyasi za baharini zinazofunika maji ya kina kifupi kule Jambiani na Paje, vijiji vya pwani ya Unguja. Nyingi kati yake zina chavua ndefu kama uzi, inayoweza kufikia milimita kadhaa, inayobebwa na maji, na haina ganda gumu la nje lililo kwenye chavua nyingine.

Ganda hilo limeumbwa kwa sporopolenini, kitu kisichooza kwa urahisi, na hata asidi kali ya maabara haikiyeyushi. Ndiyo maana nyasi hizo haziachi kumbukumbu ya chavua topeni, lakini mikoko inaacha. Watafiti walizoa tope la Ghuba ya Makoba na la Unguja Ukuu, huko huko Unguja, wakahesabu chavua tabaka kwa tabaka, na mwaka 2013 wakachapisha jinsi mikoko ilivyohama kwa maelfu ya miaka kadiri bahari ilivyopanda na kushuka.