Mkasi, moshi na dirisha: jinsi sanaa ya kukata karatasi ilivyokua nchini China

Kaskazini mwa China, katika nyanda za juu za udongo wa manjano ambako wakulima wamekuwa wakichimba makao yao ndani ya vilima kwa karne nyingi, dirisha la nyumba lilikuwa kimiani ya mbao iliyobandikwa karatasi nyeupe, kwa kuwa kioo hakikuwepo. Karatasi hiyo ilikula moshi wa jiko na vumbi mwaka mzima. Mwaka Mpya wa jadi ulipokaribia, wanawake waliibandua, wakaweka nyingine, na juu yake wakabandika nakshi za karatasi nyekundu walizozikata wenyewe kwa mkasi uleule wa kushonea nguo. Mchana mwanga ulipenya kwenye matundu ya nakshi hizo na kuingia ndani, na usiku taa ya ndani iliwaonyesha wapita njia umbo la samaki, la jogoo au la mtoto. Wachina huziita chuanghua, yaani maua ya dirisha. Jua lilizifubaza polepole, na mwaka ulipogeuka zilibanduliwa na kutupwa.

Nimeanza na dirisha hilo kwa makusudi. Wengi wetu tunakutana na sanaa hii, ambayo kwa Kichina huitwa jianzhi, ikiwa imeshawekwa nyuma ya kioo cha fremu, na tunadhani kuwa hivyo ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hizi zilitengenezwa zikiwa na ahadi ya kuharibika, na historia yake haieleweki mpaka tujiulize ni kitu gani kilichodumu wakati karatasi zenyewe hazikudumu.

Ufundi wa kukata umbo kutoka kwenye kitu chembamba ni mkongwe kuliko karatasi. Mwaka 2001, katika eneo la Jinsha mjini Chengdu, kulichimbuliwa bamba la dhahabu la mviringo, jembamba mno, lenye ndege wanne wanaolizunguka jua, ambalo umri wake unakadiriwa kufikia miaka 3,000. Nakshi yake yote imepatikana kwa kutoa sehemu na kuacha sehemu, kanuni ileile ya jianzhi. Karatasi ilikuja baadaye sana. Mwaka 105 ofisa wa ikulu ya nasaba ya Han, Cai Lun, alimpelekea mfalme karatasi iliyoboreshwa, iliyotengenezwa kwa magome ya miti, nyuzi za katani, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Hata hivyo mkasi haukuihamia karatasi mara moja. Katika karne ya 6 mwandishi Zong Lin, akieleza desturi za watu wa bonde la kati la mto Yangtze, anasema kwamba siku ya saba ya mwezi wa kwanza watu walikata maumbo ya binadamu kwa hariri ya rangi au kwa bamba jembamba la dhahabu, wakayabandika kwenye viambaza vya kukunjwa au wakayavaa nywelani.

Karatasi zilizokatwa za kale kuliko zote tulizo nazo hazikutoka katikati ya China. Zilitoka Astana, makaburi yaliyo karibu na Turpan huko Xinjiang, ambako uchimbuaji ulianza kuzifichua mwaka 1959. Ni vipande vitano vya nasaba za Kaskazini, kati ya mwaka 386 na 581, vyote vya mviringo: kimoja kina farasi wawiliwawili, kingine nyani wawiliwawili, na vingine vina maua na maumbo ya nyota. Vilisalimika kwa sababu ya ukame wa jangwa na kwa sababu viliwekwa pamoja na wafu, si pamoja na walio hai. Lakini ukivitazama huwezi kuviita majaribio ya mwanagenzi. Karatasi imekunjwa mara kadhaa kabla ya kukatwa ili umbo lijirudie kuzunguka kitovu, na hakuna mnyama aliyeachwa akining'inia bila kushikwa na mwenzake. Mkono uliofanya kazi ile ulikuwa umeshazoea, na kwa maoni yangu hilo ni ushahidi wa vizazi kadhaa vya wakataji ambao kazi zao zote zimepotea.

Kaburi lile linatukumbusha pia kwamba karatasi iliyokatwa haikuwa pambo tu. Mshairi Du Fu, katika karne ya 8, anasimulia jinsi alivyopokewa na rafiki wakati wa ukimbizi wa vita: akaoshwa miguu kwa maji ya moto, na karatasi ikakatwa ili kuiita roho yake iliyotawanywa na hofu irudi mwilini. Desturi hiyo iliendelea vijijini mkoani Shaanxi, kaskazini mwa China, hadi zama zetu. Huko pia kuna umbo la mtoto aliyefunga nywele mafundo mawili, miguu imepanuliwa na mikono imeinuliwa, mara nyingi ameshika kuku. Jina lake ni zhuaji wawa, na alibandikwa mlangoni au karibu na kitanda ili kumlinda mgonjwa, kufukuza pepo au kuwaombea maharusi uzazi.

Katika enzi ya Song, kati ya karne ya 10 na ya 13, miji ilipanuka na wakataji wa karatasi wakawa na soko la kazi zao. Wakati huohuo wafinyanzi wa Jizhou, mkoani Jiangxi, waligundua matumizi ya kupendeza mno: walibandika karatasi iliyokatwa ndani ya bakuli la chai lililopakwa rangi nyeusi ya kung'aa, wakamwagia rangi nyingine ya kahawia juu yake, kisha wakaiondoa karatasi kabla ya kuchoma bakuli, ili umbo la ndege au ua libaki jeusi milele. Kusini, katika miji kama Yangzhou, karatasi iliyokatwa iliwekwa juu ya kitambaa kama kielelezo cha kutarizia, na sindano ikaifunika yote kwa nyuzi. Kwa hiyo kazi nyingi bora za kusini zilizikwa ndani ya viatu, mito na aproni za watoto, wala hakuna aliyezitazama tena.

Ni nini basi kilichodumu? Jibu moja ni masizi. Mwanamke aliyependa nakshi ya jirani yake aliiazima, akailaza juu ya karatasi nyeupe, akavilowesha vyote viwili kidogo ili vishikane, kisha akavipitisha juu ya moshi wa kibatari. Masizi yaliingia katika kila tundu na kuzunguka kila ukingo. Alipoibandua nakshi, chini yake lilibaki umbo jeupe lililozungukwa na weusi. Kielelezo hicho cha moshi alikishonea juu ya bunda la karatasi nyekundu na kukata vyote kwa pamoja, na chenyewe kikakatika humohumo. Kwa njia hiyo, wanawake ambao wengi wao hawakupewa nafasi ya kujifunza kusoma walirithishana maumbo kwa mamia ya miaka, kutoka kwa mama hadi kwa binti na kutoka kijiji hadi kijiji kwa njia ya ndoa. Na kwa kuwa kila mkono uliongeza au kupunguza kidogo, maumbo hayakuganda. Mimi naona kwamba hapa ndipo penye kiini cha sanaa hii: nakala haikuwa wizi, ilikuwa ndiyo uhai wake.

Maumbo yenyewe husomwa kwa sikio kama yanavyosomwa kwa jicho. Samaki huitwa yu, sauti ileile ya neno la ziada au baraka iliyobaki. Popo ni fu, kama neno la heri. Kulungu ni lu, kama mshahara wa ofisa. Komamanga halihitaji mchezo wa sauti, kwa maana mbegu zake ni watoto wengi.

Si kila mkataji alikuwa mwanamke wa kijijini. Katika wilaya ya Yu, mkoani Hebei, walikuwepo wanaume waliofanya kazi hii kwa visu vidogo badala ya mkasi, wakikata karatasi nyingi nyeupe kwa mara moja na kuzipaka rangi zilizochanganywa na pombe kali ili zipenye hadi karatasi ya chini. Wang Laoshang, aliyeishi kati ya mwaka 1890 na 1951, alisifika huko kwa nyuso za wahusika wa opera.

Badiliko kubwa la karne ya 20 lilianzia Yan'an, mji wa Shaanxi uliokuwa makao ya Wakomunisti. Baada ya Mao Zedong kuwataka wasanii, Mei 1942, wajifunze kutoka kwa watu wa kawaida, wachoraji kama Gu Yuan waliyatazama upya madirisha ya wenyeji wao. Walichukua mtindo huo na kuujaza masomo ya usiku, mavuno na wanamgambo, huku mshairi Ai Qing na mchoraji Jiang Feng wakikusanya nakshi za vijijini. Tunawashukuru kwa kuhifadhi, lakini tangu hapo nakshi ilianza kuhama kutoka dirishani kwenda kwenye kurasa, na mtazamaji wake akawa mgeni. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kufuta mila za kale, kati ya 1966 na 1976, maumbo ya kinga na uzazi yalihesabiwa kuwa ushirikina. Baadaye mchoraji Jin Zhilin alizunguka vijiji vya Yan'an akiwatafuta bibi ambao mikono yao ilikuwa bado inakumbuka.

Wa kushangaza kuliko wote alikuwa Ku Shulan, mkataji wa wilaya ya Xunyi mkoani Shaanxi, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 2004. Mwaka 1985 alianguka kutoka kwenye ukingo wa mlima na kuumia vibaya. Alipopata nafuu alisema kwamba yeye sasa ni Jianhua Niangzi, bibi mtukufu wa maua yaliyokatwa. Tangu siku hiyo alifunika kuta za pango lake kwa wanawake wakubwa wenye taji, waliojengwa kwa vipande vidogo visivyohesabika vya karatasi za rangi, huku akiimba alipokuwa akikata. UNESCO ilimtambua kuwa fundi stadi mwaka 1996.

Jianzhi iliingia katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika mwaka 2006, na katika orodha ya UNESCO mwaka 2009, katika kikao kilichofanyika Abu Dhabi. Madirisha ya vijijini sasa ni ya kioo, na nakshi nyingi za sokoni hukatwa kwa mashine, baadhi kwa plastiki. Anayetaka kuzitofautisha ashike nakala mbili za umbo moja. Za mashine hulingana kila ukingo. Za mkono hazilingani kamwe, kwa sababu karatasi ya chini ya bunda husogea kidogo mkasi unapogeuka, na meno madogo ya manyoya ya jogoo hurefuka au hufupika kadiri mkono ulivyochoka.