Magari hayasubiri 5G ili yazungumze

Nimeisoma tena sentensi ile ile, safari hii kwenye makala ya mtu anayeheshimika: magari yataanza kuwasiliana 5G ikishaenea, na kinachotakiwa ni kila gari kuwekewa laini ya simu. Nikilalamika huambiwa kwamba huko ni kurahisisha mambo ili msomaji wa kawaida aelewe. Hapana. Ni kosa, tena kosa linaloamua masafa ya redio apewe nani, pesa za barabara ziende wapi na sheria iandikwe vipi. Kazi yangu ni kupima redio za magari, na nimechoka kulijibu kosa hili kwa vipande vipande.

Gari la leo lina mawasiliano ya namna tatu. Yapo ya ndani, kompyuta za gari zikiongea zenyewe kwa zenyewe. Yapo yanayotoka garini kwenda kwenye mnara wa simu, kisha kwenye seva za mtengenezaji. Na yapo ya redio ya moja kwa moja, gari kwa gari au gari kwa taa za barabarani, bila kupita kwa mtu yeyote katikati. Sentensi ninayoilalamikia inayafanya yote matatu kuwa kitu kimoja.

Ya ndani nitayapitia haraka. CAN, mtandao wa waya unaounganisha kompyuta hizo, ilianza kubuniwa katika kampuni ya Bosch mwaka 1983 na ikaonyeshwa hadharani Detroit mwaka 1986. Ujumbe wake wa asili unabeba baiti 8 tu za data, kasi haizidi megabiti 1 kwa sekunde, na namba ndogo ya utambulisho ndiyo inayopewa njia kwanza. Ujumbe hausemi umetoka kwa nani. Kwa mwaka 1986 huo ulikuwa uamuzi sahihi kabisa, maana aliyekuwa kwenye waya alikuwa ndani ya gari. Baadaye watu wakaja na wazo la kufunga modemu pembeni ya mtandao huo. Mwaka 2015 watafiti wa usalama Charlie Miller na Chris Valasek waliliingilia Jeep Cherokee wakiwa mbali, kupitia mtandao wa simu, wakatoka kwenye mfumo wa burudani hadi kwenye CAN, na Fiat Chrysler ikalazimika kuita magari milioni 1.4 ili yarekebishwe. Kanuni namba 155 ya Umoja wa Mataifa kuhusu usalama wa kimtandao wa magari ilipitishwa mwaka 2020. Kwa hiyo anayesema “weka laini tu” ajue kwamba laini ni mlango, na nyumba yenyewe ilijengwa bila kufuli za vyumba.

Mawasiliano ya kupitia mnara yana faida zake na siyapingi. Ramani, masasisho ya programu, taarifa za foleni, yote hayo yanapita huko vizuri. Tatizo lake ni umri. Simu unaibadilisha baada ya miaka michache, lakini gari linaweza kukaa barabarani miaka 15 au 20. Angalia eCall ya Ulaya, huduma ya gari kuita msaada wa dharura, ambayo tangu tarehe 31 Machi 2018 ni lazima kwa aina mpya za magari madogo. Gari likigonga, linapiga namba ya dharura 112 lenyewe na kutuma fungu la data lisilozidi baiti 140, likiwa limegeuzwa kuwa sauti ndani ya njia ile ile ya simu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, maana 2G ilikuwa imefika karibu kila mahali. Sasa kampuni za simu zinazima 2G na 3G, na 4G haina njia ya sauti ya mtindo ule wa zamani. Marekani, AT&T ilipozima 3G Februari 2022, magari yaliyokuwa yakiitegemea yalipoteza huduma zake za mbali, ingawa injini na breki zilikuwa nzima kabisa. Ukiifunga huduma ya usalama kwenye kizazi kimoja cha mtandao wa simu, umeipa tarehe ya kufa isiyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Sasa nifike kwenye redio ya moja kwa moja, maana hapa ndipo uchungu wangu ulipo.

Kila gari lenye redio hii hutangaza hadi mara 10 kwa sekunde: nipo hapa, naenda kasi hii, naelekea huku, nimekanyaga breki au sijakanyaga, urefu wangu na upana wangu ni huu. Ujumbe mzima, pamoja na sahihi yake ya kidijitali, ni mamia machache ya baiti. Unasikika mita mia kadhaa, na aliye karibu anausikia bila kuulizwa. Marekani ilitenga megahezi 75 kwenye bendi ya gigahezi 5.9 kwa ajili hiyo mwaka 1999. Ndiyo, 1999. Kiwango cha redio hiyo, IEEE 802.11p, kikaidhinishwa mwaka 2010. Ni ndugu wa Wi-Fi, ila kile kitendo cha kujiunga na mtandao kimeondolewa, kwa sababu magari mawili yanayokuja uso kwa uso kwa kilomita 100 kwa saa kila moja yanakaribiana mita 55 kila sekunde. Hakuna nafasi ya kuulizana nywila. Na hakuna jibu la “nimepokea”. Ujumbe ukipotea umepotea, mwingine unakuja baada ya milisekunde 100.

Mwaka 2017 shirika la 3GPP, linaloandika viwango vya simu, likakamilisha LTE-V2X, redio ya magari iliyotokana na LTE, yaani 4G, katika toleo la 14 la viwango vyake. Hapa ndipo watu walipopotea moja kwa moja: wameona LTE, baadaye wakaona 5G, wakahitimisha kwamba kuna mnara. Ndani ya teknolojia hiyo kuna njia mbili. Moja, iitwayo Uu, inakwenda mnarani. Nyingine, PC5, inakwenda gari kwa gari, na ina hali ya nne ambayo magari hujipangia yenyewe nafasi za kutangaza bila mnara wowote. Haihitaji laini. Haihitaji kifurushi. Inafanya kazi jangwani mradi tu antena inaona satelaiti za kupatia saa. Kazi ya kuepusha ajali inatakiwa kupita PC5. Mnara ukiongezwa, yanaongezeka mambo mazuri, lakini hakuna mhandisi makini ambaye ataweka onyo la breki litegemee chaji ya betri za mnara.

Tofauti ya redio hizi mbili haiandikwi vizuri mara nyingi, kwa hiyo nitaikalia kidogo. 802.11p inasikiliza kwanza, ikiona hewa ina kelele inangoja, kisha inasema. Magari yakijaa, kungoja kunaongezeka na migongano ya ujumbe nayo inaongezeka. PC5 ya hali ya nne inachagua nafasi ya muda na masafa, inaishikilia kwa matangazo kati ya 5 na 15, halafu inaamua kubaki au kuhama. Kwenye msongamano mpangilio huu unavutia, kila mmoja ana zamu yake. Lakini jiulize kinachotokea magari mawili yakichagua zamu ile ile. Redio haiwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja kwenye bendi moja. Hayo mawili hayatasikiana, wala hayatajua kwamba hayasikiani, mpaka mojawapo lihame. Kwa matangazo 10 kwa sekunde, kushikilia zamu mara moja ni kati ya nusu sekunde na sekunde moja na nusu, na kanuni inaruhusu kuishikilia tena. Kwa kilomita 100 kwa saa, sekunde moja ni mita 28. Vitabu vinaonyesha grafu ya wastani, na wastani unapendeza. Mimi wastani haunisaidii. Nataka kujua gari lililo hatarini zaidi lilinyamaza kwa muda gani, na hapo bado sijaridhika na jibu la upande wowote.

Hili linanileta kwenye ile milisekunde moja ya 5G inayotajwa kila mahali. Kwanza, hiyo ni ya kipande cha redio peke yake katika hali nzuri kabisa, na safari ya kwenda kwenye seva na kurudi haimo. Pili, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, ucheleweshaji si mahali tunapoumia. Piga hesabu. Gari la kilomita 100 kwa saa linasogea kama mita 2.8 ndani ya milisekunde 100. Kwa kuwa ujumbe una kasi na mwelekeo, mpokeaji anaweza kulisogeza gari hilo mbele mwenyewe na kufuta sehemu kubwa ya hitilafu hiyo. Lakini mahali penyewe palipotangazwa pamepimwa kwa satelaiti, na kipokezi cha kawaida kinakosea mita kadhaa hata mbingu ikiwa wazi. Katikati ya majengo marefu kinakosea zaidi, kwa sababu mawimbi yanagonga kuta kabla ya kufika. Njia moja ya barabara kuu ina upana wa kama mita 3.5. Maana yake ni kwamba unaweza kuletewa, kwa milisekunde moja, habari kwamba gari linakuja kwenye njia yako wakati liko njia ya pembeni. Habari ya uongo iliyowahi kufika ni mbaya kuliko ya kweli iliyochelewa kidogo. Juhudi tunazozitumia kubishana kuhusu kasi ya mtandao ningependa zipelekwe kwenye upimaji wa mahali na kwenye kumwambia mpokeaji ukweli kuhusu ukubwa wa hitilafu.

Kuna mambo ya vyuma pia ambayo wasemaji wa majukwaani hawayagusi. Kwa gigahezi 5.9, mwili wa lori ni ukuta, na gari dogo lililo nyuma yake linaweza kuwa kwenye kivuli kamili. Mita chache za kebo nyembamba humeza zaidi ya nusu ya nguvu, kwa hiyo unasukumwa kuipeleka redio juu karibu na antena, na juu ndiko bati linakochomwa na jua. Wabunifu nao wanataka paa la kioo. Antena iende wapi? Nimekaa kwenye vikao vingi ambapo swali hilo ndilo liliamua kama mfumo utafanya kazi, huku hotuba ya ufunguzi ikiwa imezungumzia akili bandia.

Sahihi ya kidijitali nayo inasifiwa kupita uwezo wake. Inathibitisha kwamba ujumbe umetoka kwenye kifaa chenye cheti halali na haukubadilishwa njiani. Haithibitishi kwamba yaliyomo ni kweli. Kifaa halali chenye kipokezi kibovu cha satelaiti kitatia sahihi mahali palipokosewa, na sahihi itakubalika. Vyeti, ambavyo ni kama majina ya bandia ya gari, vinabadilishwa mara kwa mara ili mtu asikufuatilie, na ni jambo jema, lakini gari linalotangaza urefu na upana wake, likipita kwenye barabara yenye vipokezi vingi, linaweza kuunganishwa na jina lake la bandia la awali. Wanaosema suala la faragha limekwisha wamekwenda mbio.

Halafu kuna vita vya viwango. Redio hizi mbili hazielewani kabisa. China mwaka 2018 ilitenga megahezi 20 kwa LTE-V2X. Japani ilitumia bendi ya megahezi 760 kwa huduma yake iliyoanza mwaka 2015. Volkswagen iliweka 802.11p kwenye Golf ya kizazi cha nane mwaka 2019, na mwaka huo huo nchi za Umoja wa Ulaya zikaikataa kanuni iliyokuwa inaipa redio hiyo kipaumbele. Novemba 2020 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikachukua megahezi 45 kati ya zile 75 ikazipa Wi-Fi, na 30 zilizobaki ikaziachia C-V2X, yaani redio za familia ile ya 3GPP. Wapo wanaosema soko liachwe lichague. Kwa kamera au kwa tairi, sawa. Kwa redio ya usalama, mwenzako akiwa na aina nyingine, manufaa yako kwake ni sifuri, hata kama yako ni bora.

Na hata kiwango kikiwa kimoja, hesabu ya mwanzo ni ngumu. Onyo la gari kwa gari linahitaji wote wawili wawe na redio. Magari 10 kati ya 100 yakiwa nayo, nafasi ya kwamba mawili yanayokutana yote yanayo ni kama asilimia 1. Yakifika 30, ni asilimia 9. Mnunuzi wa kwanza analipia kitu ambacho karibu hakuna wa kumjibu. Wakati huo huo kamera na rada zinaboreka kila mwaka na hazihitaji jirani awe na chochote. Kuna siku najiuliza kama dirisha letu limeshafungwa. Kinachonizuia kukata tamaa ni kwamba kamera haioni nyuma ya kona wala mbele ya lori, na redio, ikiwekwa vizuri, inaweza.

Ndiyo maana ningeanza na makutano. Taa za barabarani zikiwa na redio, gari la kwanza kabisa linanufaika siku hiyo hiyo, na faida inakua sawasawa na idadi ya magari, haingoji wawili wakutane. Yafuate magari ya wagonjwa na ya zimamoto, kisha malori. Na anayenunua mifumo hii kwa pesa za umma adai jaribio moja kabla ya kutia saini: laini ya simu itolewe kwenye kifaa, gari lipelekwe mahali pasipo mnara hata mmoja, kisha ionekane kama gari linalotokea nyuma ya kona linasikika.