Viza ya F-1 si tiketi ya kuingia siku yoyote

Wanafunzi wengi wanaokwenda kusoma Marekani huamini kwamba viza ya F-1 ikishabandikwa kwenye pasipoti, waweza kuingia siku yoyote. Inaeleweka, maana viza ndiyo inayosumbua kuipata.

Lakini viza inakupa nafasi ya kuomba kuingia tu. Anayeamua ni ofisa wa uhamiaji unapofika. Tena mwanafunzi mpya haruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya programu yake kuanza. Tarehe ya kuanza iko ukurasa wa kwanza wa fomu ya I-20, ile unayopewa na shule au chuo kilichokupokea. Hesabu mwenyewe kurudi nyuma kabla hujakata tiketi, hata kama ya mapema ni ya bei chee.

I-20 yenyewe ikae kwenye mkoba wa mkononi. Anayekwenda Minneapolis kupitia Chicago hukaguliwa Chicago, na begi lake kubwa hulikuta baada ya dirisha la uhamiaji, si kabla. (Kisha hulikabidhi tena, hata kama lebo inasema Minneapolis.)

Ukishaingia, tazama rekodi yako ya kuingia nchini, iitwayo I-94, kwenye tovuti ya serikali inayoishia na .gov, bila malipo, uhakikishe imeandikwa F-1.