Dhahabu ya kutazamwa kwa taa

Sebuleni kwa bibi yangu, juu ya redio, imetundikwa picha ambayo huenda na wewe umewahi kuiona ukutani kwa mtu: Bikira Maria, Mama wa Msaada wa Daima. Nyuma dhahabu tupu, mama kajitanda shela la buluu iliyokolea, mtoto kamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na mguuni kubazi moja limefunguka, linaning'inia kwa ukanda. Nimekua nikilitazama kubazi lile. Nyumbani hakuna aliyeweza kuniambia kwa nini limefunguka, wala zile herufi za pembeni zinasema nini. Mpaka niliposomea ukarabati wa mozaiki, yaani picha za vipande vidogo vya kioo, na picha za ukutani ndipo nikajua kwamba bibi amekaa miaka yote hiyo na Konstantinopoli juu ya redio yake.

Herufi ni za Kigiriki. ΜΡ ΘΥ ni kifupi cha "Mama wa Mungu", na IC XC ni Yesu Kristo. Wale malaika wawili wa juu, Mikaeli kabeba mkuki na sifongo, Gabrieli kabeba msalaba na misumari. Mtoto kaviona vyombo vya mateso yake, kashtuka, kamrukia mama kwa kishindo hata kiatu kikamtoka. Ndivyo picha inavyosomwa siku zote. Mafundi wa kisiwa cha Krete waliichora sana aina hii karne ya 15. Ile ambayo nakala zake zimejaa majumbani kwetu iko Roma, na Papa Pius IX aliikabidhi kwa mapadre Waredemptoristi mwaka 1866. Wao ndio walioisambaza duniani.

Mtindo wenyewe ni wa Wabizanti, watu wa dola ya Konstantinopoli, mji unaoitwa Istanbul leo. Sasa hao ni akina nani? Wenyewe jina hilo hawakulijua. Walijiita Warumi, Waarabu wakawaita Rum, na ndio hao wanaotajwa katika Surat Ar-Rum. "Bizanti" ni neno la wasomi, lililoanza kushika baada ya Mjerumani Hieronymus Wolf kulitumia mwaka 1557, mji wenyewe ukiwa umeshatekwa na Waturuki tangu 1453. Wala pwani yetu haina ugeni nao. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake iliandikwa Pate mwaka 1728 na ni katika maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyobaki, unasimulia vita dhidi ya Herakali. Huyo ni Kaisari Heraclius wa Konstantinopoli.

Lalamiko ninalolisikia kila ninapoonyesha picha zao ni moja: "Hawa walikuwa hawajui kuchora." Watu wamesimama kama wanaopigwa picha ya pasipoti, hakuna kivuli, miguu haikanyagi chini. Vasari, Mwitalia wa karne ya 16, aliwacheka vivyo hivyo, na vitabu vya shule vikamfuata. Mimi namwona alitazama vibaya. Alitafuta ukuta ufanane na dirisha, wakati fundi wa Kibizanti alitaka ukuta uwe taa.

Ngoja nieleze kazi yenyewe. Bamba la kioo linalazwa utando wa dhahabu iliyopondwa hadi ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Juu yake linawekwa tabaka jingine jembamba la kioo, vyote vinarudishwa motoni vishikane. Bamba likipoa linakatwa kwa nyundo, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, na vya nyuso vidogo zaidi. Ukutani, lipu ya mwisho ya chokaa inapigwa eneo dogo tu, lile ambalo fundi atalimaliza kabla halijakauka. Anachora kwa rangi juu ya ubichi ule, kisha anapachika kipande kimoja kimoja. Na havisawazishi. Kimoja kinainama huku, kingine kule, vya juu vinainamia chini kidogo kumwelekea mtu aliyesimama sakafuni.

Siku yangu ya kwanza ya mazoezi nilipanga vyangu kwa pima maji, kama fundi vigae anayejua kwamba mwenye nyumba atakuja kukagua. Nikajisifu. Mwalimu hakusema kitu. Alizima taa, akawasha mshumaa, akapita nao mbele ya kuta zetu mbili. Wangu ulimeta mara moja, pwaa, kama sahani ya bati, ukazima. Wake uliendelea kucheza, nuru inahama kipande hadi kipande kama jua la magharibi juu ya maji ya bandarini. Nilibomoa wa kwangu usiku uleule.

Kwa hiyo ukiziona picha hizi kwenye simu, hujaziona. Hagia Sofia, kanisa kuu la Konstantinopoli lililojengwa chini ya Kaisari Justinian kati ya 532 na 537, ina kuba la upana wa mita 31 hivi, na kitako chake kimezungukwa na madirisha 40. Mchana jua linazunguka ndani. Usiku zilikuwa taa za mafuta. Mshairi Paulo Silentiarius alisema mwaka 563 kwamba mabaharia waliongozwa na mwanga wa jengo lile. Mle ndani kwenye dhahabu walichanganya na vipande vya fedha, ili mng'ao usiwe wa aina moja.

Wasidhaniwe kuwa watakatifu watupu. Ghorofani mle kuna mozaiki ya Malkia Zoe na mumewe Konstantino wa 9. Kichwa cha mume ni cha kubandika. Huyu alikuwa mume wa tatu, basi sura ya mume aliyetangulia ikabanduliwa, maandishi yakarekebishwa, joho likabaki lilelile. Ni kama tunavyobadilisha picha ya rais maofisini, ila kwetu fremu ndiyo inayobaki.

Ugomvi wa sanamu, yaani kama picha takatifu ziruhusiwe au zivunjwe, ulioanza miaka ya 720 na kwisha 843 baada ya kutulia kidogo katikati, nitauandikia siku yake. Kwa leo nitaje tu kwamba mtetezi mkubwa wa picha, Yohane wa Damasko, aliandika akiwa chini ya himaya ya Waislamu, ambako mkono wa Kaisari haukumfikia.

Na himaya hiyo ilijua thamani ya ufundi huu. Kuba la Mwamba pale Jerusalem, la mwaka 72 Hijria, limefunikwa mozaiki za mtindo huohuo: miti, mataji, vito, bila mtu wala mnyama. Msikiti Mkuu wa Damasko uliojengwa na al-Walid una mito na majumba ya dhahabu. Kule Córdoba, Hispania, karne ya 10, khalifa al-Hakam wa 2 aliomba fundi kwa Kaisari mwenyewe, naye akaletewa pamoja na shehena ya vipande vya kioo, kwa ajili ya mihrabu.

Lakini mimi moyo wangu uko Faras, Nubia, kaskazini mwa Sudan. Kabla maji ya bwawa la Aswan hayajaufunika mji ule, timu ya Kipolandi chini ya Kazimierz Michałowski ilifukua kanisa kuu lililojaa mchanga, kati ya 1961 na 1964, na kukuta picha za ukutani zaidi ya 100. Mpango ni wa Konstantinopoli: macho makubwa, uso mbele, majina ubavuni. Mtakatifu Ana kaweka kidole mdomoni, kama bibi anayenyamazisha wajukuu. Na Askofu Petro wa karne ya 10 amesimama mbele ya Mtume Petro, mikono ya mtume mabegani mwake. Mtume kapakwa rangi nyeupe, kama alivyokuja kutoka ng'ambo. Askofu ni mweusi, na sura yake ni ya mtu ambaye mchoraji alimjua. Leo wanatazamwa Warsaw, wote wawili, chini ya taa za umeme.