Sheria za moshi zilivyoiua Pumpe-Düse

Wapenzi wa Volkswagen za zamani huniuliza kwa nini kampuni iliachana na Pumpe-Düse, mfumo wake wa kupuliza dizeli kwenye injini, wakati gari zile zilikuwa na nguvu na hazikunywa mafuta. Zilizoiua ni sheria za moshi za Ulaya.

Kwenye Pumpe-Düse kila silinda ina injekta (kipulizia mafuta) yenye pampu yake ndani, inayokandamizwa na kamshafti, yaani shafti yenye vinundu viitwavyo kamu. Presha ilifika baa 2,050, ilhali mfumo mpinzani, komoni reli, ulipoingia mara ya kwanza kwenye gari dogo, Alfa Romeo 156 ya 1997, uliishia kwenye 1,350 hivi. Presha kubwa huivunja dizeli iwe ukungu mwembamba, inaungua vizuri, masizi yanapungua. Kwa hilo Wajerumani walikuwa mbele, tena mbele kweli.

Tatizo ni ile kamshafti. Presha ipo tu wakati kamu inaikandamiza pampu. Ikishapita, hata kompyuta ikitaka kupuliza tone jingine, haina kitu. Kwenye komoni reli, pampu moja hujaza bomba nene, presha inakaa humo muda wote, na injekta hufunguka inapoamriwa: tone dogo la kutangulia ili injini isigonge, kisha mafuta yenyewe, kisha tone la kuchelewa.

Hilo la kuchelewa ndilo lililoamua mambo. Euro 4, moja ya viwango vya sheria hizo za Ulaya, iliruhusu gramu 0.025 za masizi kwa kilomita. Euro 5 ya 2009 ikashusha hadi 0.005. Hapo bila chujio kwenye ekzosti hupiti. Chujio likijaa, masizi lazima yachomwe kwa joto la karibu nyuzi 600, na foleni za mjini hazikufikishi huko. Mafuta ya kuchelewa ndiyo hupandisha joto, na Pumpe-Düse haikuyamudu vizuri. Zilikuwepo Pumpe-Düse zenye chujio, ila kwa kulazimisha, na kufikia 2007 Volkswagen walishaanza kuhama.

Komoni reli nayo ina yake. Sehemu ya mafuta ya kuchelewa hulowesha ukuta wa silinda na kuteremkia kwenye oili. Gari la safari fupi fupi huanza kuchoma chujio, huzimwa kabla halijamaliza, kesho linaanza upya. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukakuta oili imepanda na inanuka dizeli, usifurahi kwamba injini hailambi oili. Imwage, weka mpya, kisha lipeleke gari barabara kuu likimbie mfululizo hadi chujio limalize kuungua.